Ndevu Nyeusi za Ngano ya Bibi Mongia

Ndevu za masuke ya ngano zilikuwa nyeupe. Jannet aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, wiki mbili kabla ya mavuno, alipopeleka chai shambani. Miaka yote ngano ya bibi yake ilikuwa na ndevu nyeusi, na ilimfika mtu kifuani. Hii ilimfika gotini. Jannet akaweka birika chini, akatazama kwingine.

Jumamosi familia nzima ilikuwa imeshaona.

"Mvua," alisema ami yake, Lazhar, aliyepanda ngano ile kwa mkono wake mwenyewe.

"Jicho la jirani," alisema mkewe, Essia.

"Korongo," alisema Bibi Mongia. "Wametembea sana humu mwaka huu."

"Mama, korongo hawezi kufupisha ngano."

"Wewe umesomea wapi mambo ya korongo?"

Lazhar akainama kufunga kamba ya kiatu.

Katika mji wa Beja historia ni orodha ya watu waliokuja kuchukua ngano. Bibi Mongia aliijua yote. Waroma walikuja, wakachukua, wakaacha mawe. Waturuki wakaja, wakachukua, wakaacha kodi. Wafaransa wakaja, wakachukua, wakaacha stesheni ya treni ili wachukue haraka zaidi. "Wote wamekwenda," alikuwa akisema, "na mbegu yangu ipo." Jiwe la kizingiti chake lilikuwa la Waroma. Alianikia pilipili juu yake.

Kwa miaka tisa alikuwa akituma salamu kwenye benki ya mbegu kule Tunis, waje wachukue ngano yake na kuandika jina lake na la mji kwenye pakiti. Sasa walikuwa wamejibu. Mtaalamu angefika Alhamisi. Bibi Mongia alinunua viatu.

Jannet hakulala vizuri wiki ile, na sababu aliijua. Nyumbani kwao mtungi wa mbegu hauwekwi alama, jicho baya lisije likautambua. Unasimama stoo katikati ya mitungi ya chakula, yote imefunikwa kitambaa cha aina moja. Vuli iliyopita Bibi alikuwa Tunis akifanyiwa operesheni ya macho, na binamu yake Jannet, Monji, alikuwa akioa. Essia alimwambia Jannet apeleke mtungi mmoja kwa msagaji. Jannet akapeleka mmoja. Bibi alirudi siku ya arusi, macho bado yana bendeji. Kuskusi ya arusi ile, iliyotengenezwa kwa ngano hiyo, ilisifiwa hadi vijiji vya mbali. Siku tatu baadaye, alipoona mitungi yote iliyobaki ina ngano ya kula, alikwenda sokoni, akanunua mbegu nzuri, akajaza mtungi mtupu, akaufunika. Lazhar hakugundua kitu. Kutogundua ndiyo tabia yake.

Alhamisi mtaalamu alifika, mwanamke mfupi aitwaye Bi Naziha. Alichuma suke, akalifikicha kiganjani, akatafuna punje moja, akatafuna ya pili.

"Bibi, hii ni ngano ya kituo cha utafiti. Inauzwa kila soko."

"Binti yangu, Waroma walivuka bahari kwa ajili ya ngano hii."

"Hii Waroma hawakuiona. Mimi mwenyewe nimeizidi umri."

"Kwani una miaka mingapi?" aliuliza Lazhar.

Walirudi nyumbani. Bibi Mongia aliketi kwenye jiwe lake, akavua viatu vipya, akavipanga pembeni kama vya mgeni.

"Basi miaka sitini nimekuwa mwongo," alisema.

Juu ya mlango, pale pale kichwani pake, zilining'inia kamba za masuke, moja kwa kila mavuno, kama desturi ilivyo. Zilikuwa nyingi na zina vumbi. Kila siku kila mtu alipita chini yake.

Jannet alileta kigoda. Alipanda, akafungua kamba ya mwaka uliopita, akashuka, akamwekea Bi Naziha mapajani. Bi Naziha akaipuliza. Vumbi likaruka. Ndevu zilikuwa nyeusi tititi.

Alitafuna punje moja. Hakutafuna ya pili. Akatoa pakiti mkobani, akatoa na kalamu.

"Jina lako kamili, bibi?"

Bibi Mongia hakumsikia. Alikuwa ameshasimama, peku, anamtazama mwanawe.

"Lazhar. Mbegu yangu umeiuza."

"Mama!"

"Mtungi nilikuachia wewe. Umeuza, ukapanda takataka, ukaniambia mvua!"

"Wallahi, mama, mimi hata sikugundua!"

"Hilo naliamini," alisema Essia, "lakini mbegu haina miguu."

Lazhar, mwenye miaka hamsini na mitano, alisimama uani kama mwanafunzi aliyechelewa. Jannet bado alikuwa ameshika kigoda. Angeweza kukirudisha ndani.

"Bibi," alisema, na wote wakageuka, kwa kuwa sauti yake hawakuizoea. "Niliisaga mimi. Ilikuwa kuskusi ya Monji, na wewe ulikula sahani mbili."