Kiti cha Damari

Sedekia, fundi seremala wa Mafinga, alikitengeneza kile kiti kwa mbao za msindano, akakifunga kwa mikanda ya ngozi kwenye siti ya nyuma ya Pijo yake kuukuu, ili bintiye Damari akae juu na asirushwerushwe.

Mama yake Sedekia alipopanda gari pale Ilula, alikitazama akafyonya.

"Mjukuu wangu afungwe kama mbuzi wa mnadani, na mimi mwenye mapaja nipo? Watu watasema nini?"

Watu! Hao watu hawakuwemo garini. Lakini mama mzazi hajibiwi. Damari akapakatwa na bibi yake siti ya mbele, na kikapu cha nyanya za bibi kikafungwa kitini.

Kwenye kona, kabla ya kufika Iringa, lori la mbao lilikuwa limeharibika katikati ya barabara. Sedekia alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Damari akachomoka, akakigonga kioo cha mbele. Mikono iliyolea ukoo mzima haikufua dafu.

Jioni walitoka hospitali bila mtoto; walimwacha mochwari. Sedekia akafungua mlango wa nyuma, akazipekua nyanya moja moja mpaka chini ya kikapu, akitafuta hata moja iliyopondeka. Hakuiona.