Bati Lilikuwa Dogo

Majirani walimwita Kimya, na siku hizi hata mama yake alimwita hivyo hivyo. Aliacha shule darasa la tano, lakini hapakuwa na mtu aliyenyoosha herufi kama yeye. Alifanya kazi kwa mjomba wake, mchora vibao, na kazi ile ilikuwa na sheria moja: bati halivutiki. Neno likizidi, tafuta mdogo wake.

Ndiyo maana Kimya alikuwa na daftari. Humo aliyapanga maneno kwa koo, kama watu. Ukoo uliojaa kuliko yote ulikuwa wa mahali. Alikuwemo mahali mwenyewe, na sehemu, na upande, na eneo. Wakafuata wenye mipaka, kiwanja, uwanja, mtaa, kitongoji. Chini kabisa waliandikwa wale wa kulala na kuamka: makazi, makao, maskani. Pembeni ya kila neno, idadi ya herufi zake.

"Kimya, nipe ndugu wa mahali, wa herufi nne," mjomba angesema.

"Eneo," angenong'ona, na mjomba angecheka mpaka brashi idondoshe rangi.

Yeye na mama yake waliishi nyuma ya kiwanda cha nyuzi, kwenye safu ya vyumba kumi na viwili. Mama alikuwa amesokota nyuzi humo miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waliachiwa vyumba kwa mdomo tu, bila karatasi. Kisha ukavuma uvumi kwamba kiwanda kimepata mnunuzi, na watu wa ardhi watapita kukagua. Wakazi wakaona heri kuweka kibao kwenye geti, ili mgeni akifika tu ajue kwamba hapa wanaishi watu. Fundi mashine, mzee wa safu, alimletea Kimya maneno kwenye kipande cha boksi: MAKAZI YA WAFANYAKAZI WA KIWANDA CHA NYUZI. Bati aliloleta lilikuwa mlango wa kabati lililokufa.

Kimya alipima kwa chaki mara tatu. Kila mara WAFANYAKAZI walimwagikia nje.

"Kata," mjomba alisema bila kugeuka.

Akawakata wafanyakazi. Basi makazi yakabaki peke yake na kiwanda, akaona haipendezi. Kiwanda hakilali wala hakiamki, kitakuwaje na makazi? Akafungua daftari. ENEO LA KIWANDA CHA NYUZI. Likakaa kwenye bati kama kiatu cha kupimwa.

Safu nzima ilishangilia. Fundi mashine aligonga bati kwa kidole akasema, "Sasa na sisi tuna anwani." Hakuna aliyeuliza makazi yameenda wapi. Wao walijua wanalala wapi.

Miezi minne baadaye alikuja afisa wa ardhi na faili kifuani. Wakazi wakamzunguka uani, katikati ya kamba za nguo. Akaeleza kwa upole: mnunuzi amechukua maeneo yote ya kiwanda. Kama kungekuwa na makazi, wakazi wangepewa viwanja kwingine kabla ya kuondolewa. Lakini mkaguzi alipita, na hakuandika makazi.

"Bosi," mama alisema akishika kamba, "hizi chupi unaziona? Kiwanda ndicho kinachozivaa?"

Watu wakacheka. Afisa naye akatabasamu, kisha akatoa picha ya kibao. "Mama, mkaguzi alipiga picha hii getini kwenu. Kibao hiki tulikiandika sisi?"

Kicheko kikakatika. Kimya alihisi masikio yakiwaka. Hakuwahi kusema neno mbele ya watu watano, na hapo walikuwa zaidi ya thelathini. Alisogea mpaka mbele ya faili.

"Ni mimi. Waliniambia makazi. Bati lilikuwa dogo."

"Unasemaje?"

"Bati. Lilikuwa dogo."

"Siku Kimya anaongea," alisema jirani wa chumba cha tisa, "ndiyo siku tunafukuzwa."

Afisa alimtazama kwa huruma ambayo haikumsaidia mtu. "Binti, ofisini hatupimi bati. Tunasoma kilichoandikwa." Akawapa siku kumi na nne.

Siku ya sita, mnunuzi alituma kazi kwa mjomba: kibao kipya cha geti, na bati analeta mwenyewe. Lilikuwa jipya, pana kama kitanda. ENEO HILI NI MALI BINAFSI. Mjomba aliona haya kumwambia mpwa wake ashike brashi, lakini wachoraji walikuwa wawili tu, na mjomba hakuweza tena kunyoosha herufi kubwa. Kimya alichora. Alipomaliza, nusu nzima ya bati ilibaki tupu. Wafanyakazi wote wangeenea pale, pamoja na makazi yao.

Mama aling'oa kibao cha zamani akahama nacho. Kwenye chumba kimoja walichohifadhiwa, uani kwa binamu yake, alikifunikia pipa la maji, maandishi yakiangalia chini.

"Haya, mwenye daftari," alisema, akikaa juu ya mzigo ambao haujafunguliwa. "Na hapa panaitwaje?"

Kimya alifikiria ukoo wote, kuanzia juu hadi chini.

"Kwa watu, mama," akasema. "Hapa ni kwa watu."