Wakwe Wawili Kwenye Gati la Gozo

Déborah alikuja Jumapili baada ya ibada, akaketi kwenye sofa la wazazi wake huko Toongabbie, Sydney, akawaonyesha kwenye simu picha ya bahari ya buluu na mji wa mawe ya rangi ya asali.

"Ni zawadi yenu," alisema. "Sicily, Malta na Gozo. Bus and ferry. You just sit and look."

"Kukaa na kutazama tu?" baba yake, Mzee Fidèle, aliuliza. "Bila kazi yoyote?"

"Dad, you're retired. That's the whole point."

Mzee Fidèle hakuwa mtu wa kwenda mahali bila kujiandaa. Alipofika Australia na mkewe Chibalonza, miaka mingi iliyopita, alifanya kazi ghalani mchana na kusoma jioni. Alianza na Kiingereza, akaingia hesabu, akamalizia na historia, na hakuacha mpaka walimu walipoanza kuwa wadogo kuliko binti yake. Basi kesho yake alikwenda maktaba, akarudi na vitabu vinne vya Bahari ya Kati. Kufikia siku ya kuondoka alikuwa anajua wote waliowahi kutawala Malta: Wafoinike, Warumi, Waarabu, Wanormani, wale wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, Wafaransa, Waingereza. Chibalonza naye aliwajua, kwa sababu alihadithiwa kila jioni akiwa anaosha vyombo.

"Na sasa hivi wanatawaliwa na nani?" alimuuliza.

"Sasa wanajitawala wenyewe."

"Basi hao ndio nitakaowasalimia. Wengine waache vitabuni."

Walitua Catania, kule Sicily, wakiwa wamechoka lakini wana furaha. Asubuhi iliyofuata basi la watalii lilikuwa linawasubiri mbele ya hoteli, na kiongozi wao, mama mmoja wa Kimalta mwenye mwavuli mwekundu, alikuwa akiita majina. Fidèle alikuwa bado anatafuta miwani yake wakati Chibalonza alipomfinya mkono.

"Baba Déborah, usigeuke."

"Kuna nini?"

"Nimesema usigeuke."

Akageuka. Kwenye kiti cha pili nyuma ya dereva, amevaa kofia yake ya kahawia na koti la harusi za watu, alikaa Mzee Bizimana wa Doonside, hukohuko Sydney. Pembeni yake mkewe Anésie alikuwa ameinamia mkoba wake kama mtu aliyepoteza sindano humo ndani.

Fidèle alielewa mara moja. Hii ilikuwa kazi ya watoto.

Mambo yalikuwa hivi. Prince, mtoto wa Bizimana, alitaka kumwoa Déborah, na Déborah alitaka kuolewa naye. Miezi michache kabla ya safari, familia ya Bizimana ilifika Toongabbie kujitambulisha, wanaume wamevaa suti, kreti za Fanta zimebebwa na vijana. Kwa desturi, baba wa binti haongei siku hiyo. Anakaa ndani kimya na kumwachia msemaji wake kila kitu. Msemaji wa Fidèle alikuwa binamu yake Candide, mtu wa maneno mengi. Kwa desturi pia, msemaji hujifanya hawajui wageni. Huwazuia mlangoni, huwauliza kama wamepotea njia, na watu hucheka. Candide alifanya yote hayo vizuri. Kisha akazidisha. Akanyoosha mkono na kusema, "Nyinyi Warundi, kabla hatujaendelea, onyesheni karatasi zenu."

Watu walicheka. Mzee Bizimana hakucheka. Alivaa kofia yake, akawaambia vijana wabebe kreti, na msafara wote ukarudi Doonside na Fanta zake. Tangu hapo hakuna aliyetuma neno. Prince alisema hawezi kuoa bila baba yake kukaa kwenye kiti cha baba. Déborah alisema hataolewa kimyakimya ofisini kwa serikali kama mtu anayechukua leseni ya gari. Kwa hiyo harusi ilisimama.

Na hakukuwa na namna ya kuisukuma. Fidèle akianza kumwongelesha Bizimana, atakuwa anamtembeza binti yake kama karanga za kuuza. Bizimana akianza, atakuwa amemeza tusi. Mpaka wasemaji wakutane tena, wazee wenyewe hawana ruhusa ya kuligusa jambo hilo, na wasemaji walikuwa Sydney, hawasalimiani.

"Tutafanyaje?" Chibalonza alinong'ona.

"Tutatalii," Fidèle alisema, akapita na kwenda kukaa nyuma kabisa.

Wakatalii. Walipanda mlima Etna mpaka pale basi linapoishia, wakakanyaga mawe meusi, na Chibalonza, mzaliwa wa Bukavu, akatamka mbele ya watalii wote kwamba kama ni volkano tu, jirani na kwao, kule Goma, kuna yenye adabu mbaya zaidi. Walitembea Siracusa kwenye uwanja wa kale wa maigizo uliochongwa katika mwamba. Hapo Fidèle alianza kumweleza mkewe habari za Wagiriki, na baada ya muda aliona kwamba Bizimana amesimama hatua chache pembeni, anamchunguza mjusi. Mjusi aliondoka. Bizimana aliendelea kupachunguza mahali alipokuwa mjusi.

Fidèle akapandisha sauti kidogo.

"Mbona unapiga kelele?" mkewe aliuliza. "Mimi niko hapa."

"Kuna upepo," alisema.

Wake zao hawakusumbuka na mambo ya wasemaji kwa muda mrefu. Siku ya kwanza walisalimiana kwa macho. Siku ya pili walikutana kwenye choo cha mgahawa wakakaa humo mpaka kiongozi akaenda kuwagongea. Kwenye feri ya kuvuka kwenda Malta bahari ilichafuka, Fidèle akawa amelala kwenye kiti, rangi imempotea, na Chibalonza akamtia mdomoni kipande cha tangawizi.

"Umeitoa wapi?"

"Nimeokota."

"Kwenye meli?"

"Tafuna, Baba Déborah."

Alitafuna. Alijua fika kwamba tangawizi ile imetoka kwenye mkoba wa Mama Prince, na kwamba kwa kuitafuna alikuwa anavunja kitu fulani cha desturi, lakini tumbo lilitulia.

Tatizo kubwa lilikuwa mlango wa basi. Kwa desturi ya kwao wote wawili, huwezi kumtangulia mkwe wako na kumpa mgongo. Unakaa kando, apite. Fidèle na Bizimana hawakuwa wakwe bado, tena walikuwa wamenuniana, lakini adabu haikununa. Kila walipokutana mlangoni, Fidèle alikaa kando. Bizimana naye alikaa kando. Wajerumani walipita, Wakanada walipita, na wazee wawili wakabaki wamesimama huku na huku kama walinzi wa benki, kila mmoja akitazama juu, mpaka Anésie amsukume mumewe kutoka nyuma au Chibalonza amvute wake kwa mkono wa shati. Kiongozi aliwaambia watalii wengine kwamba hajapata kuona wanaume wastaarabu namna hiyo.

Siku ya Gozo ilikuwa nzuri kuliko zote. Walivuka asubuhi, wakapanda kwenye ngome ya juu ambako mtu huona kisiwa kizima kwa kugeuka mara moja, wakaenda kuona mashimo ya kukaushia chumvi yaliyochongwa ufukweni, wakala maandazi ya jibini yaliyowaunguza ndimi. Alasiri walirudi bandarini ili kuvuka kwenda Malta, ambako basi lingine lilikuwa linawangoja. Chibalonza na Anésie walitangulia kwa haraka, wote wawili chini ya mwavuli mmoja wakilikimbia jua. Walikuwa na mazungumzo ambayo hayakuweza kusubiri, na hawakutazama nyuma.

Wazee walifika kwenye lango la meli wakiwa wa mwisho. Fidèle akakaa kando. Bizimana akakaa kando. Mfanyakazi wa gatini alipunga mkono na kuita. Fidèle aliamini anaitwa Bizimana. Bizimana aliamini anaitwa Fidèle. Mfanyakazi aliita tena, akaangalia saa, akainua mabega, na lango likapanda.

"Baba Déborah!" Sauti ya Chibalonza ilisikika kutoka juu ya meli. "Wewe! Unafanya nini huko?"

Meli ikaondoka.

Palikuwa na benchi moja lenye kivuli. Walikaa mwanzo na mwisho wake. Fidèle alitazama bahari. Bizimana alitazama bahari hiyohiyo, upande mwingine. Fidèle aliwaza jinsi Déborah alivyokuwa siku hizi, anavyokuja Jumapili, anacheka na mama yake jikoni, kisha simu inalia, anatoka nayo uani na kurudi bila kicheko. Nyumbani angeweza kuliahirisha jambo hili mwaka mzima. Hapa meli inayofuata ingefika, wake zao wangekuwa katikati tena, na safari ilikuwa inakaribia kwisha.

"Laiti ningekuwa na mtu wa kuzungumza naye," aliiambia bahari. "Mimi ni msemaji tu. Nimetumwa."

 Jibu likatoka upande wa pili wa benchi.

"Msemaji wa nani?"

"Wa mzee mmoja wa Toongabbie. Mwenyewe hayupo. Ameondoka na ile meli."

Bizimana aliivua kofia, akaikagua ndani, akaivaa tena.

"Ajabu," alisema. "Mimi nami ni msemaji. Wa mzee mmoja wa Doonside. Nilimwona akipanda."

"Basi tunaweza kusalimiana."

"Wasemaji hawakatazwi."

Wakasalimiana kwa mkono, kila mmoja ameshika kiwiko chake kwa heshima.

"Mzee wako hajambo?" Bizimana aliuliza.

"Hajambo. Magoti kidogo. Na kiburi."

"Wangu magoti ni mazima."

"Hata kile kingine?"

"Kile kingine kinamsumbua usiku."

Fidèle alisogea kidogo kwenye benchi. "Msemaji mwenzangu, nieleze. Mzee wako alikasirikia nini hasa? Ule ulikuwa mchezo. Kila ukweni watu wanataniana."

"Anaujua mchezo. Kwao nako mgeni hutaniwa mpaka atoe jasho. Wangemwambia ng'ombe wake wamekonda, angecheka. Wangemwambia mwanawe ana masikio makubwa, angekubali, maana ni kweli."

"Ni kweli," alisema Fidèle.

"Polepole, msemaji."

"Samahani. Endelea."

"Lakini karatasi." Bizimana alizitazama mashua za wavuvi, za buluu na njano, zikitikisika majini. "Mzee wangu alikaa kambi ya wakimbizi Tanzania mpaka mtoto wake wa kwanza akaota ndevu. Mahindi, karatasi. Hospitali, karatasi. Mama yake alifariki kambi ya pili, mzee akaomba karatasi ya kwenda kuzika. Ilitoka baada ya matanga. Alipofika Doonside alimwambia mkewe, 'Nimechoka kuulizwa.' Kisha akavaa suti, akaenda kwa watu anaotaka wawe ndugu zake, wakamuuliza. Na aliyemuumiza si yule wa mlangoni. Yule ni kazi yake kusema ovyo. Aliyemuumiza ni baba wa binti. Alikuwa ndani, na mzee wangu alimsikia akicheka."

 Fidèle alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa mazuri, na aliyaacha yapite moja baada ya jingine.

"Ni kweli alicheka," alisema mwishowe. "Mzee wangu yeye alipitia Kampala, chumba cha kupanga, majirani. Kambini hakukaa. Amesoma vitabu vingi, na hakuwahi kumuuliza mtu aliye umbali wa stesheni chache za treni ameishije. Anasema samahani."

"Amesema lini? Si yuko kwenye meli?"

"Msemaji anajua yaliyo moyoni mwa aliyemtuma."

"Haya." Bizimana aliitikia kwa kichwa taratibu. "Haya, nimepokea. Nitamfikishia. Lakini mzee wangu ana ombi."

"Sema."

"Akirudi tena Toongabbie, mlango ufunguliwe na baba wa binti mwenyewe."

"Unajua kwamba kwetu haiwezekani. Baba wa binti anakaa ndani kama askofu. Akienda mlangoni, watu watasema anawakimbilia wakwe, binti amemchosha."

"Najua. Ingekuwa inawezekana, asingeomba."

Mbali, meli nyeupe ilikuwa imechomoza ikirudi kutoka ng'ambo. Fidèle aliitazama ikikua. Aliona mlango wa nyumba yake, ndugu wote wamejipanga, shangazi zake kutoka Bankstown wakinong'onezana kwamba Fidèle sasa amekuwa bawabu.

"Atafungua," alisema.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Na atakuwa ameupaka mlango rangi."

"Na yule binamu wa maneno?"

"Candide atakuwa jikoni anamenya ndizi."

Bizimana alicheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Kilimfanya paka wa gatini ainuke na kuhama. Fidèle naye akacheka, na walikuwa bado wanacheka simu ilipolia.

"Baba Déborah!" Chibalonza alikuwa anapiga kelele kana kwamba simu haipo. "Mko wapi? Mmepigana? Mama Prince hapa anataka kulia!"

"Hatujapigana. Niko na mkwe wangu. Tunakuja na meli hii."



"Uko na nani?"

"Umesikia, Mama Déborah."

Vigelegele viliruka ndani ya simu, kwanza vya mmoja, kisha vya wawili, na nyuma yao sauti ya kiongozi ikiuliza kwa Kiingereza kama kuna mtu ameumia.

Fidèle aliirudisha simu mfukoni. Bizimana alikuwa anamtazama usoni, waziwazi, kwa mara ya kwanza tangu Catania.

"Aliyesema hapo ni nani?" aliuliza. "Msemaji, au mwenyewe?"

"Mwenyewe," alisema Fidèle.

Bizimana akamshika mkono, wakainuka kuifuata meli.