Walijua Tangu Februari

Nimefundisha wadakaji wa besiboli, wale wanaochuchumaa kudaka mipira ya warushaji, miaka kumi na tisa, na si mwepesi wa hasira. Lakini asubuhi ya mwisho ya kambi yetu ya mazoezi ya Arizona, mwishoni mwa Machi, nilisimama ofisini kwa meneja, Gus Haldorsen, nimekunja ngumi mfukoni.

Timu ilihitaji mdakaji mmoja wa akiba. Waliogombea walikuwa wawili, Wendell Kopecky na Lonnie Ferrante. Kwa wiki sita niliandika kila mpira uliowaponyoka. Wendell kumi na mmoja. Lonnie thelathini na minne.

"Tunabaki na Lonnie," Haldorsen alimwambia Wendell. "Kanuni unaijua, kijana wangu. Lonnie ameshateremshwa timu ya chini misimu mitatu, ndio mwisho. Tukimteremsha tena, timu yoyote inaweza kumnyakua. Wewe umebakiwa na msimu mmoja. Tukikuteremsha, bado ni wetu."

"Kwa hiyo nakosa nafasi kwa sababu siwezi kuwaponyoka."

"Usilichukulie hivyo."

"Mliamua lini?"

Haldorsen aliigeuzageuza kofia yake. "Februari."

"Februari! Sasa magoti yangu mliyatesa ya nini?"

"Warushaji walikuwa thelathini na wawili, Wendell. Lazima mtu awadakie."

Wendell akanigeukia. "Na wewe, kocha? Ulijua?"

"Kanuni niliijua. Kwamba wameshaamua, sikujua."

"Ukawa unaandika tu."

"Nikawa naandika."

Haldorsen akakohoa. "Jambo moja kabla hujaenda. Saa nne Tolliver, mrushaji wetu, anafanya mazoezi. Mdakie mipira thelathini tu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mdakie wewe, mzee," Wendell akasema. "Hakuna kanuni inayokukataza kuchuchumaa." Akachukua glovu yake, akatoka kuelekea viwanja vya timu ya chini, ng'ambo ya uzio.

"Kamrudishe," Haldorsen akaniambia.

"Simrudishi."

"Nani atadaka, sasa?"

"Mwite uliyemchagua."

Sikupaza sauti.

Saa nne Lonnie alikuja uwanjani mbio, bado anafunga kinga za miguu, maskini, hana kosa lolote. Mpira wa nne wa Tolliver ulizama ghafla, ukapita chini ya glovu yake hadi ukutani. Wa sita vilevile.

"Samahani, kaka," Lonnie akasema.

Tolliver akashusha mkono. "Wendell yuko wapi?"

Nikamnyooshea kidole meneja, aliyesimama kando ya uwanja. "Muulize huyu."