Chokaa kwenye Mawe ya Igogo

Mwanga wa ziwa hupanda kilima kabla ya watu. Hugusa mawe, hugusa mabati, huingia ndani bila hodi. Ewe kilima cha Igogo, mimi ni Malimi, uliyenifundisha mteremko kabla sijaijua tambarare. Nimekuja kwako kama mgeni, nami naona haya.

Nilimleta Gladness, mchumba wangu, kutoka Dodoma. Nilimwonyesha mawe yaliyobebana majini, nikamwonyesha daraja refu la Kigongo. Wewe sikumwonyesha. Tulifikia hotelini, na dirishani nilikuona umesimama, nyumba zimekukumbatia kama watoto mgongoni. Nikavuta pazia.

"Kwenu ni wapi hasa?" aliniuliza asubuhi.

"Kule juu. Njia mbaya."

"Na baba yako anapita wapi?"

Nikaona haya. Mchana tukapanda.

Miguu yangu iliyajua mawe. Viatu vyangu havikuyajua. Niliteleza, nikateleza tena. Gladness alivua vyake, akapanda peku, akicheka na akina mama waliobeba ndoo za maji, wao ambao ziwa zima liko chini yao na bomba halijawafikia.

Baba yangu, mzee Nestory, alikuwa mlangoni. Gladness akapiga goti.

"Mwadila, baba."

Salamu ya mchana, kwa Kisukuma. Alijifunza lini? Mimi, mwana wa nyumba, nilisema shikamoo kama mpita njia.

Ndipo nikaona: kila jiwe, tangu kona ya jirani hadi kizingiti, limepakwa chokaa. Mbichi bado. Vidole vya baba vilikuwa vyeupe.

"Nilisikia mko mjini," alisema. "Nikasema mkwe wangu asijikwae. Mmefikia wapi?"

"Kwa rafiki, baba."

Gladness akainamisha uso.

"Ah. Kitanda nimewatandikia. Mimi nitalala kwa Shimba, hapo jirani."

Ee kilima, ningejificha nyuma ya jiwe gani?

"Tuko hotelini, baba. Niliona aibu kumleta hapa."

Hakukasirika, heri angekasirika. Aligeuka, akaitazama nyumba yake taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa doa kwenye shati lake. Kisha akasogea, akaegemea ukuta penye ufa, akauziba kwa mgongo.

Gladness alikuwa ameshaingia ndani. Nikamsikia akiuliza, "Baba, chumvi iko wapi?"

Baba aliogopa kuondoka pale ukutani.