King'ora cha Bwana Krosbi

Jumatatu asubuhi, mwaka wa hamsini na tatu, Albano alikuwa amelala chali chini ya gari la Bwana Krosbi pale Temeke, bisibisi ameiuma mdomoni, akitafuta mahali ambapo waya ulikuwa unagusa bodi. Hakupaona. Waya wote alioufunga Ijumaa ulikuwa kama alivyouacha, umenyooka, umevishwa utepe mweusi kila penye kona.

Bwana Krosbi alikuwa mkaguzi wa nyumba za Waafrika. Kazi yake ilikuwa kusukuma milango ya watu, kuhesabu vitanda, kunusa masufuria na kupiga teke vyungu vya pombe isiyo na kibali. Mwezi uliopita mwizi alichukua mto wake wa kukalia garini, naye akaona dola nzima inatikisika. Akaagiza king'ora kutoka Ulaya: kisanduku cha chuma, nyaya mbili, na swichi ya kuficha chini ya kiti. Aliyekifunga ni Albano, Mmakonde wa Newala aliyejifunza umeme kwa kufungua redio za wengine na, mara nyingi, kuzifunga.

Tangu siku hiyo, kila Bwana alipoingia garini, king'ora kililia. Kililia njia nzima, taa zikiwaka na kuzima mchana kweupe, mpaka ashuke.

"Wewe fundi gani?" Bwana aliuliza. "Tengeneza! Kama Jumamosi iko lia bado, hapana banda."

Banda la ufundi la Albano lilisimama kando ya barabara kwa kibali chenye sahihi ya Bwana huyohuyo.

Basi Albano akafuata utaratibu. Alipiga msasa ncha za betri. Akabadili fyuzi. Akaukagua waya wa mlango pale unapopita kwenye bawaba, maana ndipo waya huchubuka. Kila alipomaliza jambo alifungua mlango, akasema "hodi" kama alivyosema hata akiingia chooni kwake, akaketi. Kimya. Akiketi Bwana, kilio. Jumatano akaing'oa betri nzima, akaiweka juu ya tofali. Bwana akaketi, king'ora kikalia vilevile, na taa zikawaka vizuri kuliko awali. Albano akaandika kwenye daftari lake: *si betri*. Kisha akairudisha.

Karani wa Bwana, Revelian, mtu wa Bukoba mwenye kalamu tatu mfukoni na wino katika moja, alisema tatizo ni mafuta ya nazi wanayojipaka watu wa pwani, yanapenya kwenye waya. Bwana akamwambia aliweke hilo katika ripoti. Likawekwa.

Jioni hiyo Eufrazia alivuka barabara. Naye alikuwa wa Newala, mjane, akiishi mkabala na banda. Alipika pombe ya mtama, makuli wa bandarini wakainywa, na kwa hiyo aliishi.

"Kaka Albano, usikitengeneze hicho kitu," alisema. "Kikianza kulia kule Chang'ombe, mie nina muda wa kuhamisha vyungu, kufagia, na kujitanda khanga kama mtu. Tangu ukifunge hajanikuta na kitu."

"Na banda langu je, dada?"

"Banda! Fundi mzima umelala chini siku tatu, na ugonjwa wenyewe huuoni?" Eufrazia alicheka mpaka akashika nguzo. "Wewe unapiga hodi. Yule hajampigia mtu hodi tangu meli imteme. Gari limechoka kuvamiwa."

Gari lilikuwa limelala pale bandani. Albano akaingia bila hodi, kama Bwana. King'ora kikalia. Akatoka, akapiga hodi, akaingia. Kimya. Akarudia mara tano, kama fundi anavyopaswa.

"Sasa hilo likuozee tumboni," Eufrazia alimwambia.

"Litaozea."

Likakaa tumboni siku mbili na nusu.

Jumamosi Albano alimweleza Bwana kila kitu, kofia mkononi. Bwana hakushangaa. Alichukia.

"Mimi piga hodi kwa gari? Gari yangu mimi?"

Revelian akakohoa. "Naweza kupiga mie, Bwana. Kwa niaba."

Akasimama wima mbele ya mlango wa gari, akafunga kifungo cha juu cha koti. "Hodi, kwa niaba ya Bwana Krosbi." Bwana akaingia. Kimya. Lilikuwa gari la serikali, lilishazoea kupokea kazi ya mdogo kwa jina la mkubwa. Kibali cha banda kikatiwa sahihi palepale, juu ya boneti.

Jumatatu iliyofuata gari lilikuja kimya kama maji. Albano alikuwa anaunga honi ya lori la mkaa. Aliliona likipita, akaendelea kuunga.

Kwenye mlango wa Eufrazia, Revelian alisita. "Hapa napo nipige, Bwana?"

"Hapana. Hii si gari."

Bwana akausukuma mlango kwa kiatu. Alimkuta Eufrazia anavaa, upande mmoja wa khanga ukiwa bado mkononi, na vyungu viwili ukutani. Vyungu vikapigwa teke. Pombe ikatoka mpaka barabarani, na Eufrazia nyuma yake, mkono umeshikwa na karani.

"Lisalimie banda, kaka," alisema alipompita Albano.

Albano akatafuta koleo lililokuwa mkononi mwake.

Revelian akampigia Bwana hodi, Bwana akaketi mbele. Kisha karani akafungua mlango wa nyuma. Eufrazia, aliyelelewa vizuri kwao, akainama kidogo.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mama," gari likajibu kwa sauti ya honi, Kiswahili safi. "Pita ndani, ukae."

Lilikuwa halijawahi kumjibu mtu. Bwana alitazama saa yake. Revelian alitafuta kalamu yenye wino, akaliandika jambo hilo chini ya matatizo mengine ya umeme.

"Starehe," Eufrazia akasema, akaingia, akaketi. Gari likawaka mara ya kwanza tu, bila kukohoa, likampeleka kituo cha polisi.