Nusu Kidonge

Umeme ulikatika saa mbili na robo asubuhi, na kufika saa mbili unusu Jedida alikuwa ameshakipachika kile kichupa kwapani. Kilikuwa kichupa chembamba cha kioo, kimezibwa kwa pamba. Ndani yake mlikuwa na majimaji ya damu yake mwenyewe, aliyojitoa jana akayaacha yajichuje, na chembe ya utando mweupe aliyoikwangua ulimini mwa mgonjwa aitwaye Kanze. Kuvu ya mdomoni ni jamaa ya hamira inayoumua mahamri, ila ile kali ina tabia yake: ukiipa joto la mwili kwa muda wa saa tatu, huchipua mikia, na kwa mikia hiyo hujichimbia nyamani. Kazi ya kuipa joto ilikuwa ya kabati la umeme. Lakini umeme wa hospitali ndogo ya Mkwajuni ulikuja na kuondoka ulivyopenda, na kwapa la Jedida halijawahi kukatika.

Basi aliosha vioo kwa mkono mmoja, akaandika majina kwa mkono mmoja, na kwa mguu akamfukuza kuku wa mlinzi. Miaka tisa tangu ashuke kutoka Murang'a kuja kufanya kazi ya usaidizi wa maabara, alikuwa amezoea kuziba kwa mwili wake mapengo ya serikali.

Visahani viwili vilikuwa mezani tangu Jumatatu. Chakula cha kuvu alikuwa amekipika kwa unga wa mwani na sukari ya kwake, maana sukari ya maabara iliishia kwenye chai ya ofisini. Kidonge cha dawa ya kuvu alikisaga, akakiyeyusha kwa tone la asidi, akalowesha viduara vya karatasi alivyovitoboa kwa mashine ya karani ya kutobolea mafaili, akaweka kimoja katikati ya kila kisahani. Kwenye kisahani cha kwanza alikuwa ameotesha hamira ya dukani, apate cha kulinganisha. Hamira ilikuwa imeikimbia dawa, ikaacha uwanja mtupu wa upana wa shilingi kukizunguka kiduara. Kwenye kisahani cha pili ilikuwa kuvu ya Kanze, iliyokwanguliwa alipokuja Jumatatu hiyo. Hiyo ilikuwa imeota mpaka ukingoni mwa karatasi, kisha ikapanda juu yake.

Jedida alikitazama kisahani hicho kwa muda mrefu, na moyoni aliogopa.

Kanze alikuwa nje, kwenye benchi, amejilaza begani kwa kaka yake Charo. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kubangua korosho huko mashambani nyuma ya Tezo, lakini malaria na njaa ya mwaka ule, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, vilikuwa vimemmaliza nguvu. Ile kuvu ilikuwa imeshuka kutoka mdomoni hadi kooni. Siku ya tisa hiyo hakuwa amemeza kitu ila maji ya dafu, tena kwa machozi. Charo alikuwa amempakia kwenye baiskeli tangu alfajiri, akaisukuma njia nzima.

"Dada, waionaje hali?" Charo alimwuliza Jedida alipotoka.

"Kuna hospitali kubwa Mombasa. Wana dawa nyingine, ya sindano. Gari letu linaondoka saa nane. Nikipata majibu mapema nitamwombea nafasi." Kisha akamgeukia mgonjwa. "Kanze, vile vidonge ulivimaliza?"

Kanze hakuweza kusema kwa sauti. Alifungua fundo la pembe ya leso yake, taratibu, akaikunjua mbele ya Jedida. Vilikuwamo vipande kumi na kimoja vya nusu kidonge, vimekatwa sawasawa kwa wembe, hakuna kilichomong'onyoka. Usoni mwake mlikuwa na haya kidogo, na fahari kidogo.

"Ameviweka akiba," Charo alisema. "Kama mlivyoagiza. Pale mlango wa dawa palibandikwa karatasi, na mimi ndimi niliyemsomea. Nilimsomea mara mbili, maana yeye hakwenda skuli. Kata nusu. Ukipata nafuu, acha, kilichobaki weka akiba. Ndivyo alivyofanya. Ukirudi ule weupe, ala nusu, ukitoka, aacha. Mara tatu sasa. Mara hii haukutoka."

Jedida aliketi pale pale kwenye benchi, kichupa kwapani.

Karatasi ile aliiandika yeye. Ilikuwa mwezi wa tatu, dawa zilipokuja pungufu. Ndirangu, katibu wa hospitali, alimwita ofisini akamsifia mwandiko, akamsomea maneno, yeye akayaandika kwa wino mweusi, herufi kubwa zilizonyooka. Katibu akagonga muhuri. Na Jedida alijua. Alijua kwamba kuvu ikipewa dawa kidogo haifi yote. Iliyo dhaifu hufa, iliyo ngumu hubaki, nayo ndiyo inayozaana. Alijua, akanyamaza, kwa sababu kusifiwa mwandiko na mkubwa ni jambo tamu kwa mtu ambaye miaka tisa hakuwahi kusifiwa lolote.

Saa tano unusu alikitoa kichupa, akatia tone kwenye kioo, akakigeuza kile kijioo cha darubini kielekee dirishani kipate jua. Mikia ilikuwapo, mirefu, kila mahali.

Aliandika majibu, akachukua kadi ya matibabu ya Kanze, akaenda ofisini. Tabibu alikuwa semina Malindi tangu juzi, na fomu za rufaa alikuwa ameziacha zimetiwa sahihi tayari. Kujaza na kugonga muhuri ilikuwa kazi ya katibu. Ndirangu alikuwa amevaa tai, akipanga karatasi kwenye mkoba.

"Jedida, sema haraka. Mimi ndiye naenda na hiyo gari."

Alimweleza: mgonjwa hamezi, kuvu ni ya aina kali, dawa yetu haiigusi tena. Ndirangu hakuwa mtu katili. Alisikiliza, akavuta fomu, akaanza kujaza jina la mgonjwa, umri, kijiji. Akafika kwenye swali la mwisho, akasimamisha kalamu.

"Mgonjwa amefuata maagizo ya dawa?"

"Alikuwa akila nusu nusu, akiacha akipata nafuu."

"Basi hakufuata." Akaandika *Hapana*. Akachukua pia kadi ya Kanze, akaandika juu yake: *Hakufuata maagizo.* "Unajua sheria. Mwenye kuchezea dawa hapandi gari la serikali. Apewe vidonge vya siku tatu, arudi."

"Vidonge vile vile?"

"Ndivyo viko."

Jedida alitoka. Alikwenda kwenye mlango wa dawa, akainua bango la chanjo ya surua lililobandikwa juu ya mengine. Karatasi yake ilikuwa bado pale chini, pembe zimekuwa njano, herufi zimenyooka vile vile. Aliibandua kwa kucha, polepole isichanike, akarudi nayo, akailaza juu ya mkoba.

Ndirangu aliisoma mpaka mwisho.

"Mwandiko huu ni wako."

"Ni wangu. Muhuri ni wako."

Nje, dereva alipiga honi.

"Mama, sikiliza," Ndirangu alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ukipeleka hii mbele, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Na mimi huko Mombasa unajua naenda kusema nini? Wameniita nieleze wenzangu vile hospitali yetu imepunguza matumizi ya dawa kwa nusu. Leo. Saa kumi. Sasa nifike na huyo mwanamke nyuma ya gari?"

Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kwenye droo pamoja na fomu, akafunga kwa ufunguo. Kadi ya Kanze aliiacha mezani. Gari liliondoka kabla ya saa nane, katibu mbele na dereva, kitanda cha nyuma kitupu.

Jedida alirudi kwenye benchi na ile kadi. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alianzia kwenye kosa lake.

"Ile karatasi niliiandika mimi," alisema. "Ilikuwa na makosa, na nilijua. Nisameheni."

Kanze alifumbua macho, akayafumba tena.

Jedida alitoa kalamu. Alikata kwa mstari mmoja maneno ya katibu, na chini yake, kwa mwandiko ule ule uliosifiwa, akaandika: *Alifuata maagizo. Maagizo yalikuwa ya hospitali: nusu kidonge. Kuvu imezoea dawa hii. Mpeni nyingine.* Akatia tarehe, na jina lake lote, la ubatizo na la baba.

"Nendeni kivukoni mkapande basi. Mombasa mpeni daktari yeyote kadi hii. Akiuliza nani kaandika, jina liko hapo."

"Na hivi?" Kanze alinong'ona, akionyesha leso.

"Nipe mimi. Hivyo ni vyangu."

Charo aliishika kadi kwa mikono miwili, akamsomea dada yake. Alisoma mara mbili, kama alivyosoma ile ya kwanza.

"Imeandikwa nilifuata?" Kanze aliuliza.

"Imeandikwa."

Charo alimpandisha kwenye baiskeli, akamfunga kiunoni kwa ile leso isiyo na kitu sasa. Barabarani aliigeuza baiskeli, si upande wa Tezo walikotoka, bali upande wa kivuko.